Bibi wa Milimani Hana Simu

Haya, msomaji, pumua. Wiki iliyopita tulimwacha Geuza ndani ya mgahawa wa kifahari kuliko yote mjini, ameshika sahani tupu chini juu, macho yamemtoka, na mkono wa mtu umemtua begani. Siku saba umejiuliza ule mkono ni wa nani. Ulikuwa wa Bi Mnunuzi.

"Unasoma nini huko chini?" akauliza.

"Napima uzito, madamu," Geuza akasema, na akairudisha sahani mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita liliazimwa na jirani na hajalirudisha mpaka leo, sikiliza haraka haraka.

Geuza ni afisa mauzo wa kiwanda kidogo cha sahani, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka mji huu. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu hawezi kukaa mezani bila kuigeuza sahani kutazama muhuri wa aliyeitengeneza. Aligeuza siku ya harusi yake mwenyewe. Aligeuza msibani, mchuzi ukamwagikia mfiwa.

Mwenye kiwanda ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu anayecheka mara moja kwa mwaka, na mwaka huu bado. Shemeji alimpa neno moja: pata mnunuzi kabla ya Ijumaa, la sivyo tanuri linazimwa na watu arobaini wanamwaga unga, wewe na mkeo mkiwa wa kwanza.

Mke wa Geuza ndiye mkaguzi pale kiwandani. Kila sahani inayotoka tanurini anaigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza. Ikiwa imepinda, anaikwaruza juu ya muhuri kwa kalamu ya chuma, mkwaruzo wenye kamkia kanakopanda juu. Sahani hiyo inapelekwa kuvunjwa.

Leo ni Jumatano.

Bi Mnunuzi hununulia vyombo hoteli kumi na tatu, na sharti lake lilikuwa la ajabu. "Nipeleke nikale mahali ambapo sijawahi kula," alisema kwenye simu. "Mtu asiyejua pa kula hawezi kuniuzia cha kulia."

Basi Geuza alizunguka mji siku tatu na tai yake moja. Mgahawa wa kwanza ulimletea chakula juu ya kigae cha paa. Wa pili ulimletea juu ya ubao. Wa tatu, ambao mlinzi wake amevaa suti kushinda bwana harusi, ulimletea samaki juu ya jiwe, na mhudumu akamwomba asiliguse jiwe kwa vidole kwa sababu lilitoka mbali. Siku tatu muuza sahani anakula kwa matajiri na hajaona sahani!

Aliyemwokoa ni dobi wa hoteli aliyofikia, ambaye hupiga pasi vitambaa vya meza vya nusu ya mji na anajua wakubwa wanajifutia wapi midomo. Dobi akamnong'oneza mahali hapa: ghorofani, juu ya duka la matairi. Mlango hauna kibao, hauna jina, hauna hata kitasa. Unasimama tu nje mpaka wakuonee huruma.

Na hapa kulikuwa na sahani. Geuza akaigeuza. Chini yake kulikuwa na muhuri wa kiwanda cha shemeji yake, na juu ya muhuri kulikuwa na mkwaruzo wenye kamkia.

Mkono wa mkewe!

Sahani iliyopaswa kuvunjwa ilikuwa imekaa juu ya kitambaa cheupe, kati ya kisu cha fedha na bilauri ndefu. Mtu anaziiba kiwandani. Nani?

Hakupata nafasi ya kuwaza. Bi Mnunuzi alikwisha kaa, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Geuza akamkabidhi kadi yake ya kazi yenye muhuri wa kiwanda kwa rangi ya bluu. Bi Mnunuzi hakuitazama. Aliiweka pembeni ya bilauri yake, na wewe msomaji usiisahau hapo ilipo.

"Hapa sijawahi kula," akasema, akizungusha macho. "Umenishangaza. Watu kumi wameninunulia chakula cha mchana mwezi huu, na wote walinipeleka kwenye lile jiwe."

Mhudumu mkuu akaja. Alivaa glavu nyeupe na aliongea kwa kunong'ona, utadhani chakula kimelala.

"Karoti," akanong'ona. "Imepumzishwa siku tatu."

"Ilichoshwa na nini?" Geuza akauliza.

Mhudumu akanyoosha kidole chenye glavu. "Na hili ni povu la kitunguu. Tafadhali lile kabla halijaondoka."

Lilikwisha ondoka. Geuza alibaki anatazama alama ya maji mahali povu lilipokuwa. Bi Mnunuzi yeye hakushughulika na povu wala karoti. Alikuwa ameinamia sahani.

"Tazama," akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Ukingo huu umelala upande. Hapa kuna kibonde. Na hapa rangi imekimbia. Inapumua sahani hii."

Geuza alitazama. Alijua vizuri kwa nini inapumua. Bomba la gesi la upande wa kushoto wa tanuri lilikuwa linavuja, na kila sahani iliyokaa upande huo ilipinda kama kofia iliyokaliwa.

"Inanizungumzia," Bi Mnunuzi akaendelea.

"Inasemaje, madamu?"

"Inasema iliguswa na mkono wa binadamu."

Geuza akaona bora asipoteze muda. Akafungua mkoba, akatoa sampuli ya kiwanda: sahani nyeupe, duara kamili, iliyonyooka mpaka unaweza kupigia mstari. Mkewe alikuwa ameigonga mara tatu na kuibusu kabla ya kuifunga kwenye taulo.

Bi Mnunuzi aliitazama kama mtu aliyeletewa barua ya kufukuzwa nyumba.

"Hii ni ya hospitali," akasema. "Mtu ukimpakulia humu, anakunja mkono wa shati akisubiri sindano. Nina nafasi ya sahani elfu sita, baba. Elfu sita! Lakini nataka hizi." Akagonga ile iliyopinda kwa ukucha. "Nani anazitengeneza hizi?"

Moyo wa Geuza ukaanguka hadi kwenye soksi. Alikuwa anashindwa na taka za kiwanda chake mwenyewe.

"Umeuliza swali zuri sana," ikasema sauti nyuma yao.

Alikuwa mpishi mkuu, mwenye mgahawa, mwenye aproni nyeusi isiyo na hata tone la mafuta, jambo ambalo mimi kwa mpishi sijawahi kuliamini. Alikunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Zinatoka milimani," akasema. "Kuna bibi mmoja anaishi peke yake huko juu. Anafinyanga alfajiri, kabla hajasema na mtu. Hatumii mashine. Hajui hata taa ya umeme. Hana simu. Tunamwita Bibi wa Milimani. Anashuka mara moja kwa mwezi, analeta sahani arobaini, si zaidi, na kama siku hiyo moyo wake haukupenda, haleti kitu."

"Nitampataje?" Bi Mnunuzi akasimama nusu.

Mpishi akafumbua jicho moja. "Bahati yako ni ya ajabu. Yupo jikoni sasa hivi."

Geuza akakaza mkanda wa suruali. Vizuri sana! Mwizi yupo jikoni. Alipiga moyo konde: ataingia, atamshika mwizi shati, ataipigia simu polisi, atarudisha heshima ya kiwanda. Alikuwa ameshachagua na maneno ya kusema.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Akatoka mwanamke wa umri wa miaka sitini na minane, kajitanda shuka jeusi, kavaa shanga za mbao shingoni na miwani ya jua, anatembea polepole kama mtu aliyezoea kupanda mawe. Mkononi alishika mkoba mkubwa wa kahawia, mpini mmoja umefungwa kwa kamba ya katani.

Ile kamba aliifunga Geuza mwenyewe.

Mama mkwe!

Ndiyo, msomaji. Mama wa mkewe. Mama wa mwenye kiwanda. Yule ambaye mwanawe alimpa kazi ya kuvunja sahani mbovu kwa nyundo nyuma ya stoo, ati mama apate la kufanya. Yule ambaye kila mwezi husafiri kuja mjini kliniki kutibiwa magoti, na Geuza ndiye humbebea mkoba hadi stendi. "Mzito, mama. Una nini humu?" aliwahi kumuuliza. "Dawa za magoti, mwanangu," akajibiwa.

Miguu ya Geuza haikumwomba ruhusa. Ilisimama yenyewe. Mgongo ukainama wenyewe. Mikono ikaupokea mkoba, ikavuta kiti, ikakipangusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana," akasema Bibi wa Milimani, bila kope kutikisika. "Wewe ni nani?"

"Mnafahamiana?" Bi Mnunuzi akauliza, akivaa miwani.

"Namheshimu tu," Geuza akasema. "Amefanana na wazee."

Bibi akakaa. Mpishi akamwekea maji kwenye bilauri, na Bibi akaitazama bilauri kwa mshangao, akaigusa kwa kidole, utadhani huko milimani hawajawahi kuona kioo. Mwanamke huyu ana friji ya milango miwili. Nimeandika riwaya gazetini miaka kumi na moja, na bado sijaona mtu anayeigiza vizuri hivi.

"Bibi," Bi Mnunuzi akaanza, sauti imelainika, "nataka sahani zako elfu sita."

Hata mhudumu aliacha kunong'ona.

"Elfu sita ni milima mingi," Bibi akasema.

"Madamu," Geuza akadakia, "mzee ametoka mbali. Niruhusu nimwonyeshe pa kunawa mikono."

Wakaingia kwenye korido nyembamba kati ya jiko na choo, palipopangwa kreti za chupa. Geuza akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama!"

"Punguza sauti. Mimi siku hizi nimezoea ukimya wa milimani."

"Mama, unamwibia mwanao!"

"Namwibia nini? Takataka?" Mama mkwe akavua miwani ya jua, na macho yake yalikuwa yamekasirika kwelikweli. "Miaka sitini na minane, mwanangu. Nimezaa, nimelea, nimemsomesha yule bwana mpaka akajua neno kiwanda. Halafu ananipa nyundo. Ananiambia, mama, kaa hapa nyuma, vunja. Kila siku navunja vitu vinavyoweza kulia chakula! Siku moja nikachukua moja nikamletea huyu mpishi, nikamwambia imetoka milimani. Akalia. Machozi, naapa! Tangu lini mtu alilia kwa kitu nilichoshika mimi?"

Geuza alimwonea huruma, na ilimuuma kwamba hakuwahi kumuuliza hata siku moja kama ile nyundo anaipenda.

"Na muhuri? Hukuufuta? Mkwaruzo wa binti yako uko wazi pale chini!"

"Watu wa hapa hawageuzi sahani, mwanangu. Wanaogopa kumwaga. Dunia nzima anayegeuza ni wewe tu." Akamtazama juu hadi chini. "Na wewe una nini huku? Si ulisema unauza kusini?"

Geuza akamweleza. Ijumaa. Tanuri. Watu arobaini. Binti yake na mkwe wake ndio watakaotolewa mlangoni kwanza.

Mama mkwe akashika ukuta.

"Hakuniambia," akasema. "Mwanangu mwenyewe hakuniambia."

"Hakutaka upate presha."

"Kwa hiyo likizimwa tanuri..."

"Hakuna nzima wala mbovu, mama. Na Bibi wa Milimani anastaafu."

Wakatazamana kati ya kreti. Ndani mle mezani kulikuwa na sahani elfu sita zinazosubiri mwenyewe, na hawa wawili, mmoja alikuwa na tanuri bila soko na mwingine soko bila tanuri. Hata mimi ninayepiga chuku kwa kazi nisingeweza kulipanga vizuri zaidi.

"Tukisema kweli, madamu anaondoka," Geuza akasema.

"Basi wewe sema chochote unachotaka," mama mkwe akavaa miwani yake. "Mimi nitaguna."

Wakarudi. Mezani kulikuwa kumeletwa kitu kipya, jani moja lililolala juu ya vumbi la kahawia, na mhudumu alikuwa ananong'ona kwamba vumbi lile ni kumbukumbu ya uyoga.

Geuza hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kiti cha Bibi, na nakuhakikishia hajawahi kuuza hivyo maishani mwake.

"Madamu, nimezungumza na Bibi. Mikono yake ni miwili. Udongo wa milimani upo, moyo upo, lakini moto wa kuni hautoshi sahani elfu sita. Sisi tunalo tanuri. Bibi afinyange, sisi tuchome. Mkataba uwe na kiwanda, jina liwe lake."

Bibi akaguna.

"Tanuri lenu halitazinyoosha?" Bi Mnunuzi akauliza kwa hofu ya kweli.

"Madamu," Geuza akaweka mkono kifuani, na hili moja tu alilolisema lilikuwa kweli tupu, "tanuri letu linapinda."

Bibi akaguna tena, kwa kirefu zaidi. Mpishi akafuta jicho.

Bi Mnunuzi akazungusha mnyororo wa miwani. Kisha akatoa karatasi mbili kwenye bahasha, akazinyoosha juu ya kitambaa, akafungua kalamu.

"Mzigo wa kwanza Jumamosi," akasema. "Sahani mia mbili za kuanzia. Na nisikilizeni vizuri, kwa sababu mimi si mtu wa kurudia. Nimechoka kuvishwa kilemba cha ukoka na wauzaji. Nikigundua hata sahani moja ni ya mashine, mkataba umekufa, na hakuna hoteli mjini hapa itakayowafungulia mlango. Wewe, bibi yako, wala kiwanda chenu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madamu."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Herufi ya kwanza ikaandikwa. Geuza alihesabu moyoni: Jumatano, kesho Alhamisi, Ijumaa tanuri linawaka. Alimwona mkewe akigonga sahani kwa kifundo cha kidole. Alimwona hata shemeji akicheka, kile kicheko chake cha mwaka huu.

Herufi ya pili.

Simu ikalia.

Ilikuwa simu yenye kelele, wimbo wa ngoma na tarumbeta unaoweza kuamsha mtaa. Mhudumu mkuu alishika kifua. Wote wakamgeukia Geuza. Geuza akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa nyeusi, kimya kabisa.

Tarumbeta ikaendelea. Ilitoka chini ya meza, ndani ya mkoba wa kahawia wenye mpini wa katani.

Mpishi akafumbua macho yote mawili. "Bibi," akasema, "wewe si huna simu?"

Nisikilize, msomaji. Mtu mwingine angezimia. Mama mkwe aliinama polepole, akachomoa simu mkobani, akaishika kwa ncha za vidole viwili mbali na mwili wake.

"Kijana," akamwambia Geuza, "hiki kidude chako kimeingia kwenye mzigo wangu uliponipokea. Kinaniogopesha. Kichukue."

Bi Mnunuzi akacheka! Kalamu ikarudi kwenye karatasi. Geuza akaipokea simu akitokwa na jasho jembamba, akakusudia kuikata, lakini kidole chake chenye maji kikateleza upande wa kijani.

Sasa, kuna jambo Geuza alilisahau, na hana wa kumlaumu. Mama mkwe hasikii vizuri sikio la kulia. Sikukuu iliyopita Geuza mwenyewe, mkwe mwema, alimwekea simu iwe inatoa sauti nje moja kwa moja, ya juu kabisa, kila inapopokelewa.

"Mama!" ikapaza sauti ya mkewe, ikajaza mgahawa mzima, ikafika hadi kwa matairi chini. "Mama, umefika kliniki? Magoti yanasemaje? Sikiliza, nina habari njema! Kaka ameleta fundi, bomba la gesi limepona! Tangu asubuhi nimegonga sahani mia nane na hakuna hata moja iliyopinda. Hata moja, mama! Zote zimenyooka kama rula. Weka nyundo chini, mama yangu. Kiwanda chetu hakitatoa tena sahani mbovu!"

Geuza akakata. Alikuwa amechelewa kwa kila neno.

Mpishi alimtazama Bibi wa Milimani. Bibi wa Milimani alitazama jani lililolala juu ya vumbi. Chini barabarani mtu alikuwa anajaza tairi upepo.

Bi Mnunuzi akafunga kalamu. Jina lake lilikuwa limefika nusu. Akavaa miwani, akaichukua ile kadi ya kazi pembeni ya bilauri, akautazama muhuri wa bluu kwa mara ya kwanza tangu apewe.

Kisha akaishika sahani yake kwa mikono miwili, na jani likaanguka kwenye kitambaa, na kumbukumbu ya uyoga ikamwagika, na akaigeuza.